Supamaketi kwa mara ya kwanza: mkulima wa Buha anunue nini?

WENGI wa wakazi wa Kibondo na Kasulu hawafungi safari kwenda supamaketi. Hufika huko kwa sababu nyingine kabisa. Amempeleka mgonjwa Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, amemsindikiza mtoto chuoni, au amefuata vipuri vya mashine ya kusaga. Shughuli ikiisha, hubaki na saa mbili tatu kabla ya kwenda kulala akisubiri basi la alfajiri, na hapo ndipo mwenyeji wake humwambia, "Hebu tupite Rock City uone."

Safari zenyewe zimeongezeka. Barabara ya Kigoma hadi Nyakanazi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, imewekwa lami sehemu kubwa. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi nalo, tangu lilipozinduliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kusubiri kivuko. Kwa maana hiyo mkulima wa Heru Juu au Mabamba ambaye baba yake hakuwahi kuvuka Nyakanazi, leo anajikuta amesimama mbele ya mlango wa kioo unaojifungua wenyewe, na mfukoni ana fedha iliyobaki ya maharage. Tatizo ni kwamba fedha hiyo haina mwenzake hadi msimu mwingine. Akitoka na mifuko miwili ya biskuti na juisi, ada ya mtoto imepungua na nyumbani hakuna kilichoongezeka.

Kwanza, utaratibu. Mkoba mkubwa huachwa kaunta ya mizigo mlangoni, na mhusika hupewa kibao chenye namba. Si dharau, kila mtu hufanyiwa hivyo. Bei hazipatani. Aliyezoea soko la Kasulu, ambako fungu la dagaa huanza kwa bei moja na kuishia kwa nyingine, atajisumbua bure kumwomba keshia apunguze, kwa sababu keshia hana mamlaka hayo. Kuingia, kuzunguka, kusoma bei na kutoka mikono mitupu si kosa. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, kwa hiyo asiye na kikapu chake atauziwa mfuko kaunta. Anayekwenda na kikapu cha nyumbani ameshaokoa fedha kabla hajagusa kitu.

Bidhaa za kufungashwa zenyewe si ngeni kwa watu wa wilaya hizi. Wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwishoni mwa mwaka 1993, na wale wa Kongo mwaka 1996, makopo ya mafuta na magunia ya unga wa msaada yalienea kutoka kambini hadi vijijini, na bati la makopo hayo likaishia kwenye milango na masanduku ya watu. Kilicho kigeni ni mtu kuachiwa achague mwenyewe katikati ya vitu elfu, bila muuzaji wa kumwuliza.

Njia rahisi ya kujua cha kuacha ni kukumbuka soko la nyumbani. Maharage, unga wa muhogo, ndizi, karanga na viazi vikuu ni vya kuacha kama nia ni kula. Bei ya supamaketi imebeba usafiri, ufungashaji, pango la jengo na umeme wa taa zote zile. Kuku wa barafu, mtindi na aiskrimu ni vya kuacha hata kama bei ni nzuri, kwani basi la kwenda Kibondo halina jokofu. Sukari na chumvi zipo kila duka la kijiji.

Vitu vilivyoandikwa punguzo vinahitaji jicho la pili. Mara nyingi ni bidhaa ambayo tarehe yake ya mwisho wa matumizi imekaribia. Anayekwenda kuinywa jioni ile ile amepata nafuu, lakini anayetaka kuibeba hadi Kifura na kuiweka kabatini kwa ajili ya Krismasi amenunua hasara. Vilevile pakiti mbili zinaweza kufanana kwa ukubwa na bei, moja ikawa na gramu 500 na nyingine 450. Zikiwa zote zinauzwa sh. 4,500, kilo ya kwanza ni sh. 9,000 na ya pili ni sh. 10,000. Hesabu hiyo hufanywa kwenye simu kwa nusu dakika: bei igawanywe kwa gramu, kisha izidishwe kwa 1,000. Mwenye duka dogo asiyeifanya hesabu hii atakuwa anapoteza kila siku, na si supamaketi tu.

Mwenye duka aelewe jambo jingine pia. Supamaketi si duka la jumla. Bei iliyoko kwenye shelfu tayari ina kodi ya ongezeko la thamani pale inapotozwa, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, pamoja na faida ya mwenye duka. Kununua katoni huko ili kuuza tena Kasulu ni kununua kwa bei ya mlaji na kutarajia kumpata mlaji mwingine aliye tayari kulipa zaidi. Mali ya kuuza inatafutwa kwa wauzaji wa jumla wa Mwanza, au Kariakoo kwa mwenye kufika Dar es Salaam. Supamaketi ni mahali pa kujifunza bidhaa gani zinatoka, kwa ukubwa gani wa pakiti, na kwa bei gani.

Sasa cha kununua. Kitu cha kwanza kipo kwenye sehemu ya vyombo vya jikoni, na wengi hukipita wakifuata mapazia na maua ya plastiki: mizani ndogo ya kidijitali, ambayo kwa kawaida hupima hadi kilo 5 au zaidi kidogo. Kibondo na Kasulu ni nchi ya debe, ndoo, kopo na gunia. Huko ndiko mkulima anakoumia, kwa kuwa anayenunua kwake kwa debe anakwenda kuuza kwa kilo. Gunia la maharage la kilo 100 ni kama debe sita. Likishonewa kilemba cha lumbesa linameza debe la saba, na debe hilo halilipwi. Mwenye mizani ya jikoni anaweza kupima kopo moja la maharage yake, akahesabu makopo yanayojaza debe, akajua debe lake lina kilo ngapi kabla lori la mchuuzi halijafika.

Tahadhari ipo. Mizani hiyo ni ya kujua, si ya kuuzia. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na ya jikoni haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kitu cha pili ni kile ambacho mke au mume nyumbani atashangaa kukiona: bidhaa ile ile inayozalishwa kijijini. Hapa ndipo penye faida kubwa ya safari nzima, na inafaa kuanza na asali.

Kibondo ni nchi ya nyuki. Misitu ya miombo inayoelekea Pori la Akiba la Moyowosi imelisha warina asali kwa vizazi vingi, kwa mizinga ya magogo na ya magome. Asali hiyo huuzwa kwa ndoo ya lita 20. Supamaketi inaiuza kwa gramu, na hapo kuna siri ambayo haijaandikwa popote kwenye ndoo: asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kama kilo 28. Mrina asali anayekubaliana na mchuuzi kwamba ndoo ni "kilo ishirini" amempa kilo nane za bure, na mchuuzi mzoefu hatamkumbusha.

Chupa moja ya gramu 500 kutoka kwenye shelfu inafaa inunuliwe na kupelekwa nyumbani kama sampuli. Tuliza chupa hiyo juu ya meza pembeni ya chupa ya asali ya kijijini na tofauti zitajitokeza zenyewe. Ya dukani haina masega yanayoelea, haina watoto wa nyuki wala majivu. Ikinuswa, haina harufu ya moshi, na harufu hiyo ndiyo inayoshusha bei ya asali nyingi iliyorinwa kwa moto. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji kwenye asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi huchacha, hutoa mapovu na kuvimbisha kifuniko. Asali iliyoiva ni ile ambayo nyuki wenyewe wameshafunika vyumba vyake kwa nta. Anayerina mapema kwa sababu ya shida ya fedha anarina maji. Kuganda, kwa upande mwingine, si ubaya wala dalili ya kuchanganywa sukari. Asali nyingi halisi huganda zikikaa, hasa mahali penye baridi, na huyeyuka tena zikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu.

Kisha ije hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke za kwake. Ndoo ya kilo 28 inatoa chupa 56 za gramu 500. Kama shelfu inasema sh. 9,000, chupa zote ni sh. 504,000. Kama ndoo hiyo kijijini inauzwa sh. 160,000, tofauti ni sh. 344,000, na mtu wa kwanza kuisikia hupigwa na butwaa na kusema ameibiwa maisha yake yote. Asiharakishe. Chupa, kifuniko na lebo vikigharimu sh. 1,000 kwa kila moja, zinaondoka sh. 56,000. Mwenye supamaketi akibakiza robo ya bei, zinaondoka sh. 126,000. Zimebaki sh. 162,000, na bado hapajatolewa nauli, chupa zilizovunjika, gharama za viwango, kodi kama ipo, na siku za kazi ya kuchuja. Faida ipo, lakini haifanani na ile ya dakika ya kwanza.

Maharage yana somo lake. Pakiti ya kilo moja ya maharage ya njano inafaa inunuliwe, ifunguliwe nyumbani na kumwagwa kwenye ungo pembeni ya maharage ya shambani. Ya dukani yana rangi moja, ukubwa mmoja, hayana mawe wala mapande. Wakulima wengi wa Kasulu hupanda mchanganyiko wa aina kadhaa, na wana sababu nzuri: mvua ikikorofisha, aina moja ikifa nyingine inabaki. Mlaji wa mjini hajali sababu hiyo. Anataka sufuria iive kwa pamoja, na mchanganyiko hauivi kwa pamoja. Njia ya katikati ni kubaki na mchanganyiko kwa chakula na kutenga kipande cha shamba kwa aina moja ya kuuza. Pakiti ikaguliwe pia chini: unga mweupe na vitundu vidogo ni dalili ya wadudu wanaobungua, na dalili hiyo ikionekana hata ndani ya supamaketi, mkulima atajua kwamba wakubwa nao hawajamaliza tatizo la ghala. Dawa ya kulimaliza bila kemikali, mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, haipo huko. Inauzwa na maduka ya pembejeo.

Shelfu ya mafuta ya kula ndiyo inayomkera mtu wa Kigoma. Mawese mekundu, yenye karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mara nyingi hayaonekani au yamesukumwa pembeni, wakati madumu ya mafuta yaliyosafishwa yamejaa, na mengi asili yake ni michikichi ya Malaysia na Indonesia. Hapo msafiri atakumbuka simulizi inayopendwa sana mkoani kwamba Malaysia walichukua mbegu Kigoma. Historia inasema vingine. Michikichi ya kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia ni minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Indonesia, mwaka 1848, na asili yake inatajwa kuwa Afrika Magharibi. Wenzetu hao waliwekeza kwenye mbegu bora na viwanda kwa zaidi ya karne. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha msukumo wa kufufua zao hilo Kigoma, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu. Kwa sasa, anayenunua sampuli ya mawese ya chupa asome ujazo: mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja haifiki kilo moja, kwa hiyo hesabu ya asali hapa inageuka kichwa chini.

Kabla ya kuzitupa chupa na pakiti, lebo zake zibaki. Lebo ni darasa la bure. Ina jina la mzalishaji na anwani, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya TBS. Hadi mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula yalikuwa chini ya TFDA; tangu mabadiliko ya mwaka huo yamehamia TBS, na mtu akiambiwa leo aende TFDA kusajili asali yake ajue mshauri wake amepitwa na wakati. Wazalishaji wadogo hushauriwa kuanzia SIDO, ambao huwasindikiza hadi TBS. Ile mistari myeusi inayosomwa kwa mwanga na keshia ndiyo msimbomilia. Ikianza na 620, namba imesajiliwa Tanzania kupitia GS1 Tanzania, huduma iliyoanza mwaka 2011. Kabla ya hapo bidhaa za Kitanzania zilizotaka mistari hiyo zilikuwa zikitumia namba za nchi nyingine, kama 616 ya Kenya. Namba hiyo haisemi bidhaa ililimwa wapi. Asali ya Kibondo inaweza kubebwa kwa ndoo, ikafungwa kwingine, ikapewa jina la mji mwingine, na mistari ikasoma vizuri tu.

Ugunduzi huo wa mwisho ndio unaowafanya watu wengine watoke supamaketi na wazo jipya: kwa nini kikundi cha kijijini kisilete bidhaa moja kwa moja? Wazo si baya, ila lina mahali pa kuvunjikia mguu, na nchi hii imeshaona. Supamaketi kubwa hazilipi papo hapo. Hupokea mali, hutoa hati, na kulipa baada ya siku 30, 60 au 90. Kikundi kikipeleka ndoo kumi za mfano ule wa juu, sh. milioni 1.6 ya wanachama imelala kwenye shelfu ya mtu mwingine kwa msimu mzima, na ada za watoto haziwezi kulala nayo.

Na duka lenyewe linaweza kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuondoka mwaka 2014, maduka yake yakichukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Oktoba 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Nakumatt ikazama kwenye madeni kufikia mwaka 2017, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ivunjwe. Kila mara nyuma ya milango iliyofungwa walibaki wasambazaji wenye hati mkononi. Mwenye kiwanda hulia na kuendelea. Kikundi cha warina asali 20 hakiinuki tena, na wanachama hugombana wao kwa wao.

Kwa mwanzo, soko la chupa 56 lipo karibu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Maduka ya kati ya Kasulu mjini, Kibondo mjini na Kigoma, mikahawa ya stendi, ofisi za wilaya, na watumishi wanaokwenda likizo wakitafuta zawadi ya kupeleka kwao, wote hao hulipa taslimu au kwa simu. Lebo ikishazoeleka huko na hesabu ikakaa sawa kwa misimu miwili, kuna cha kuzungumza na supamaketi, na swali la kwanza mezani liwe ni siku ngapi za malipo, wala lisiwe bei.

Yapo mengine machache ambayo yanafaa kuchukuliwa bila falsafa yoyote: vyombo vyenye vifuniko vya kubana, ambavyo mara nyingi huwa imara kuliko vya mnadani, chujio zuri la waya mwembamba, na kwa mwenye watoto, daftari za jalada gumu kama bei ya kila moja imelinganishwa na ya duka la vitabu. Keshia akimaliza, risiti ya mashine ya EFD ichukuliwe na kuhifadhiwa. Mizani ikikataa kuwaka usiku ule, bila risiti hakuna wa kumlalamikia asubuhi.

Chupa ya asali isiwekwe kwenye buti la basi. Ifungwe ndani ya khanga na kubebwa mapajani, kwa sababu mbele ya Nyakanazi bado kuna sehemu basi linarusha.